Saruji Isiyoganda

Mama mkwe alifungua karatasi laini, akaweka kofia ya jino lake, lile gamba la bandia linalobandikwa kwa saruji ya meno, juu ya meza ya vyombo vya daktari kama mtu anayerudisha kitu kibovu dukani.

"Hii hapa, imetoka tena. Mara ya pili! Mchuzi wake maji matupu, na saruji yake nayo haishiki."

Aliyekuwa akisemwa ni mke wa mwanawe, msaidizi wa daktari wa meno, aliyesimama hapo hapo. Miaka sita ya ndoa ilikuwa imemfundisha kutia pamba masikioni huku akitabasamu. Lakini daktari naye alisikia, na hilo ndilo lililomuuma.

"Kama tatizo ni uchanganyaji, itabidi uhamie mapokezi," daktari alimwambia, kisha akaenda chumba cha pili kung'oa gego la mtu. Angerudi baada ya robo saa.

Mapokezi! Akajibu simu kutwa nzima, yeye aliyependa kuchanganya saruji kuliko kazi zote! Unakamua tyubu mbili, unakoroga kwa kijiko bapa, na kitu laini kinageuka jiwe mbele ya macho yako. Kila mara alibakiza tone kwenye karatasi alione linavyoganda. Tone la safari iliyopita ya mama mkwe bado lilikuwa kwenye droo, maana ni mtu asiyetupa kitu ovyo. Akaligonga mezani. Ko, ko. Lilikuwa limeganda barabara.

Sasa iweje? Akageuza kofia ya jino, akachokoa saruji ya ndani kwa ncha ya chombo. Ikavutika kama chingamu. Saruji ile ile, mkono ule ule, ya karatasini imekuwa jiwe na ya kinywani imekataa katakata. Udadisi ukamzidi hofu, akainusa.

Karafuu.

Kabatini mlikuwa na kichupa cha mafuta ya karafuu, yale ya kutuliza jino. Akachanganya saruji kidogo, akaweka matone mawili, moja juu ya karatasi kavu, la pili juu ya karatasi iliyopakwa mafuta yale.

Mama mkwe akanyoosha shingo. "Unapika nini hapo?"

"Subiri, mama, utaona."

Wakainamia meza wote wawili, vichwa karibu vigusane. Dakika sita zikapita. Tone la kwanza likalia ko. La pili likanata kwenye kucha.

"Mama, huwa unapaka karafuu kabla ya kuja hapa?"

"Mimi? Nimezaa watoto watano bila kupiga kelele, leo niogope sindano?" Harufu ya karafuu ikamtoka kinywani kwa kila neno.

Msaidizi akakifunga kichupa cha karafuu. Akimsema mama mkwe, nyumbani hapatakalika. Asipomsema, kesho yuko mapokezi. Mlango ukafunguliwa.

"Haya," daktari akauliza, "kosa ni la nani?"

"Sijui, daktari..."

"Anajua sana!" Mama mkwe akamkatiza. "Naogopa, daktari. Nataka jino life ganzi kabla hujashika sindano. Ndiyo maana napaka karafuu. Mkwe wangu hana kosa lolote."

Daktari akalisugua jino mpaka harufu ikaisha, kisha akamwambia msaidizi achanganye.

"Nishike mkono," mama mkwe akanong'ona, macho kayafumba.

"Siwezi, mama. Mikono yote miwili ina kazi."

"Basi changanya, mwanangu." Akakamata pindo la koti jeupe la mkwe wake, na hakuliachia mpaka saruji ilipoganda.