Simu Nyuma ya Mto

Binti yangu wa miaka minne alimwambia mwalimu wake, "Usinikimbize, mwalimu. Chelewa ufike." Mwalimu alicheka. Mimi sikucheka. Mwanasheria mzima nimemjazia rafu ya vitabu vya picha, halafu maneno anayatoa jikoni, kwa dada wa kazi aliyeishia darasa la nne. Anamlisha nini kingine mwanangu?

Asubuhi nikaficha simu ya zamani nyuma ya mto wa kochi lililo karibu na mlango wa jikoni, ikirekodi. Kesho yake nikajifungia ofisini kusikiliza, nimkamate.

"Sufuria imeungua, bibie. Tuikwangue au tuiloweke?"

"Tuiloweke, dada."

"Kwa nini?"

"Tukiikwangua itachubuka."

Mchana kutwa ni hivyo hivyo, swali kwa jibu. Nilitafuta kosa nikalikosa. Mwishoni mlango ukafunguliwa, nikasikia sauti yangu mwenyewe, kavu, nikitoka kazini: "Umekula? Umeoga? Haya, kaangalie katuni."

Nikaongeza sauti ya simu nisikie mwanangu atanijibu nini.

"Dada," alinong'ona, "turudi jikoni tukaongee."