Jina la Marquise kwenye Taarifa ya Habari

Verlene Tibbs alikuwa akikaanga samaki aliposikia jina la marehemu mwanawe likitajwa kwenye televisheni. Akazima jiko, akakimbilia sebuleni.

Asubuhi ile Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba jiji la Chicago haliwezi kumkataza mtu kuweka bastola nyumbani kwake. Kutwa nzima waandishi walizunguka mitaa ya kusini wakiwauliza watu maoni yao. Aliyekuwa akihojiwa sasa ni jirani yake wa ng'ambo ya barabara, Mzee Otis Gadsden, dereva mstaafu wa mabasi ya jiji, kavaa shati lake la kanisani.

"Wezi wamenivunjia nyumba mara tatu," alisema. "Na yule kijana Marquise Tibbs, aliyeuawa hapa hapa kwetu, angekuwa na bastola yake, leo tungekuwa naye."

Verlene akavuka barabara na aproni yake kiunoni. Otis alikuwa kibarazani, anakunywa soda.

"Mzee Gadsden, nani kakuruhusu kumtangaza mwanangu?"

"Dada Verlene, kaa kwanza tuzung—"

"Sikai! Mtoto wa miaka kumi na sita, katoka dukani, mkono huu mkate, mkono huu maziwa. Hiyo bastola angeishika na nini? Meno?"

Otis akaweka soda chini. "Mimi ndiye niliyemfunika kwa koti langu, usisahau. Na siku hiyo bastola zilikuwa marufuku. Aliyempiga alikuwa nayo. Sasa hiyo marufuku ilimkinga nani?"

Verlene akaivua aproni kwa hasira, akaitupa begani.

"Nina miaka sabini na minne," Otis akaendelea. "Nalala nimeegemeza kiti mlangoni. Majaji wanalindwa na askari, mimi nalindwa na kiti!"

"Hao hao majaji! Jaribu kuingia mahakamani kwao na bastola uone kama utavuka mlango. Kwao mwiko, kwangu haki! Mwanangu hawakumzika wao, nilimzika mimi. Haya, wapigie simu hao wa televisheni sasa hivi. Waambie walitoe jina lake."

Otis akapiga. Wakamsubirisha, ukapigwa muziki, kisha binti mmoja akamwambia kwa adabu kwamba habari ikishatoka imetoka. Wakiwa bado wamesimama pale, sauti ya Otis ikasikika tena dirishani, kutoka kwenye televisheni yake ndani, jina lile lile, maneno yale yale. Mzee akainamisha kichwa.

"Kwa jina, nisamehe, dada. Nilikosea. Kwa bastola siombi radhi. Nitanunua."

"Nunua. Lakini Keziah hakanyagi tena hapa."

Otis akashtuka. Keziah, mjukuu wa Verlene, alikuwa akija kila Jumamosi kucheza naye drafti. Tangu mkewe afariki, ndiye mgeni wake pekee.

"Verlene, usinifanyie hivyo. Nitaifungia kabatini."

"Nimeshazika mmoja."

Majani yalipoanza kupukutika Otis alipata kibali chake cha bastola, akanunua. Keziah, alipokatazwa kwenda kwake, alilia wiki mbili, akamwita bibi yake katili, akakataa hata kula naye meza moja. Verlene alimwacha alie.