Mwanafunzi wa Kuzutani

Takumi na wazazi wake walipohamia mjini katikati ya kiangazi, shule ya msingi ya Kuzutani ilibaki na mwanafunzi mmoja. Jina lake Mizuho, darasa la tano, mjukuu wa Sadayo anayekaa nyumba ya juu kabisa, pale msitu wa mierezi unapoanzia. Mama yake aliondoka Mizuho akiwa bado ananyonya, na baba yake anajenga barabara mikoa ya mbali. Tunamwona Mwaka Mpya tu, na si kila Mwaka Mpya.

Mimi nilikuwa mpishi wa shule hiyo. Nilianza zamani, watoto walipokuwa wakigombania ukoko wa wali mpaka mwalimu anakuja kuwaamua. Sasa nilipikia sufuria ndogo, ya Mizuho, Mwalimu Kurata, mwalimu mkuu na mimi mwenyewe. Watu hudhani kupika kidogo ni rahisi. Supu ya watu wachache haikolei, uifanye utakavyo.

Kila mwezi Mwalimu Kurata, mwanamke kijana aliyeletwa kwetu kutoka pwani, alibandika karatasi ya habari za shule kwenye ubao ulio mbele ya duka la ushirika. Ya mwanzo wa majira ya kupukutika majani ilisema kutakuwa na siku ya michezo, kuchimba viazi vitamu, na tamasha la muziki. Chini alikuwa ameandika: wanakijiji wote mnakaribishwa. Tuliisoma tumesimama pale, wazee watupu, mmoja anamsomea mwenzake aliyesahau miwani.

"Mwaka huu Timu Nyeupe mtakula vumbi," akasema Genzo. Huyu alikuwa mkata miti, sasa amevuka miaka themanini na mdomo wake haujazeeka hata kidogo.

"Wewe ukivuta kamba, kiuno chako kitabaki uwanjani," nikamwambia.

"Kikibaki kiokote ukipikie supu, Fusae. Labda itakolea."

Tukacheka. Niseme kweli, siku ya michezo ilikuwa yetu zaidi ya kuwa ya shule. Watoto wetu sisi wako Osaka na Nagoya. Wanangu mimi hupiga simu wakikumbuka. Lakini mtoto mmoja akikimbia uwanjani na kofia nyekundu kichwani, kijiji kinajiona bado kipo. Kwa hiyo tulijiandaa kama vile tunaozesha. Wanawake tulikaa siku nzima tukifinyanga matonge ya wali na kuyafunga kwa mwani, na wanaume wakafyeka majani uwanjani na kuchora mistari ya chokaa.

Siku yenyewe mbingu ilikuwa safi na baridi ya asubuhi iliuma masikio. Mizuho alifanya kila kitu. Yeye alipandisha bendera, yeye alisoma kiapo cha wanamichezo kwa niaba ya wanafunzi wote, yeye alisimama jukwaani akatuongoza kunyoosha viungo, nasi wazee tukainama mpaka pale migongo iliporuhusu. Kisha Mwalimu Kurata akatangaza kwenye kipaza sauti: "Sasa ni mbio za darasa la tano!"

Mizuho akasimama kwenye mstari. Kushoto kwake hakuna mtu, kulia kwake hakuna mtu. Filimbi ikalia, akatoka mbio. Sote tukainuka na kupiga makofi. Alikimbia vizuri mpaka kwenye kona, pale penye mti wa kaki uliokuwa umejaa matunda yake ya rangi ya chungwa, na hapo akapunguza mwendo. Akatembea. Kisha akasimama kabisa.

Makofi yetu hayakukoma mara moja. Yalipungua polepole, kama mvua inavyoacha bati, tone hapa na tone pale, mpaka kukawa kimya.

"Kamba ya kiatu imefunguka?" Genzo akapaza sauti. "Funga uendelee, mama, tunakungoja!"

Mizuho alivua kofia yake, akaiweka chini taratibu kwenye chokaa, akaondoka uwanjani akielekea jikoni kwangu.

Sadayo, bibi yake, alikuwa amekaa karibu nami. Alitaka kuinuka, magoti yakakataa. "Mfuate wewe," akaniambia.

Nilimkuta ameketi juu ya kreti la vitunguu, mikono katikati ya magoti.

"Umeumia?"

"Hapana."

"Tumbo?"

"Hapana, Bibi Fusae. Mwaka jana nilikuwa namkimbiza Takumi. Mwaka huu namkimbiza nani?"

"Wewe kimbia tu, mwanangu. Wazee wanafurahi."

"Najua wanafurahi." Alilisema kama mtu mzima anayezungumzia kazi yake. "Nikitembea mnapiga makofi. Nikianguka mnapiga makofi. Nikilala pale pale uwanjani, Babu Genzo atasema nimelala vizuri kuliko watoto wote wa Japani."

Hilo lilikuwa kweli tupu. Nikampa tonge la wali. Alilila lote, akanawa uso, akarudi uwanjani akawaomba watu radhi kwa kuinamisha kichwa. Mchana ule alivuta kamba pamoja na Timu Nyekundu na akacheza ngoma ya mavuno pamoja nasi, kwa sababu amelelewa vizuri. Timu Nyekundu ilishinda. Genzo mwenyewe alisahau kutamba.

Baada ya siku chache Mwalimu Kurata aliingia jikoni nikiosha vyombo.

"Bi Fusae, viazi vya mwaka huu tusichimbe hapa peke yetu. Nimezungumza na shule ya bondeni. Wana shamba lao, na baada ya kuchimba watoto watacheza. Wametualika. Utakuja?"

"Mimi nikafanye nini huko?"

"Ukae karibu naye," akasema. "Na mimi ukae karibu nami. Naogopa."

Tukashuka kwa gari lake, barabara ikipinda na mto, majani mekundu yakiangukia kioo cha mbele. Mizuho alikaa nyuma na buti zake za mpira mapajani.

Shule ya bondeni si kubwa, lakini kwa Mizuho ilikuwa kama soko. Watoto walipiga kelele wote kwa pamoja na hakuna aliyemsikiliza mwenzake. Shambani alichimba haraka kuliko wote, maana kwao ni kazi ya kila mwaka, na kila alipotoa kiazi alikiinua juu akageuka kutafuta mtu wa kukiona. Hakuna aliyetazama. Kila mtoto alikuwa na kiazi chake.

Halafu wakacheza rede. Mizuho aliwekwa katikati na wenzake, mpira ukaja, ukampiga begani. "Umetoka! Umetoka!" wakapiga kelele. Yeye akauokota mpira, akaenda mpaka kwa yule aliyeutupa, akampa kwa mikono miwili na kumwinamia kichwa: "Asante sana." Uwanja mzima ukaangua kicheko. Masikio yake yakawa mekundu. Mwalimu Kurata akanishika mkono kwa nguvu mpaka pete yake ikaniumiza.

Mwisho zikaja mbio. Walipangwa wasichana wa darasa la tano. Filimbi ilipolia Mizuho alichelewa, kwa sababu alikuwa akiwatazama wengine kama watatoka. Alikimbia kwa nguvu zake zote, mdomo wazi, mikono ikipiga pembeni, na migongo ya wale wengine ikazidi kuwa mbali. Alifika wa mwisho. Msichana mmoja mrefu mwenye nywele fupi, Ririka, akamgeukia huku akihema:

"Wewe, mbona unakimbia kama bata?"

Nilisogea mbele. Nilikuwa tayari kumvuta yule msichana sikio, ugenini au si ugenini. Lakini Mizuho alikuwa anamtazama Ririka macho yamemtoka.

"Bata yupi?" akauliza.

"Bata tu. Bata aliyeshiba."

"Nionyeshe."

Ririka akamwonyesha, makalio nje, mikono pembeni. Mizuho akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi, na Ririka naye akakaa. Nimempikia mtoto yule tangu darasa la kwanza, na kicheko kile sikuwa nimewahi kukisikia.

Wakati wa kurudi aliongea mpaka akachoka. "Bibi Fusae, kulikuwa na mtu mbele yangu! Watu watano! Na hawakunisubiri!" Halafu, tukikaribia kijijini, pale nyumba tupu zinapoanza, zile ambazo wenyewe walikufa au walihama, akaacha kusimulia, akazitazama.

Sadayo aliitisha kikao mwenyewe. Tulikutana kwenye ukumbi wa kijiji, tukazunguka jiko la mafuta. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Nataka Mizuho asome bondeni. Baada ya tamasha la muziki. Halmashauri itatoa teksi ya kumpeleka na kumrudisha."

Kila mtu alijua maana yake. Shule isiyo na mwanafunzi hufungwa.

"Subiri mpaka Machi basi," akasema Genzo. "Amalize mwaka wa shule. Ni miezi tu hiyo."

"Kisha Machi utasema subiri mpaka amalize darasa la sita."

"Na nikisema? Shule hii baba yangu aliibebea mbao mgongoni! Ikifungwa, nani atakuja huku? Hata posta wataacha kupanda. Unataka kutuzika tukiwa hai, Sadayo?"

"Genzo," Sadayo akasema, sauti yake ikiwa chini, "sisi tulikuwa na miaka yetu, tumekwisha kuicheza. Tulikuwa wangapi darasani mwetu? Ulinitupia chura kwenye mfuko wa vitabu, umesahau? Mjukuu wangu hana hata wa kumtupia chura."

Genzo akatazama moto wa jiko. Baadaye akasema, "Hakuwa chura. Alikuwa mjusi." Ndivyo ilivyoamuliwa.

Siku iliyofuata Mizuho alikuja jikoni kabla ya saa ya chakula.

"Bibi Fusae, nikienda, utampikia nani?"

"Nitajipikia mwenyewe. Nina mdomo mimi."

"Babu Genzo amekasirika?"

"Genzo alizaliwa amekasirika."

Hakucheka. "Nikikaa, shule itabaki," akasema. "Mimi naweza kukaa. Nimezoea."

Nikaacha kisu. Ningeweza kumwambia akae. Kweli, neno lilinifika kwenye ulimi. Nilifikiria asubuhi zangu zitakavyokuwa, kuamka na kutokuwa na mahali pa kwenda. Nikamwambia, "Nenda, mtoto. Ukikaa nitakulisha karoti kila siku." Alichukia karoti.

Tamasha lilifanyika majani ya milimani yakiwa yameanza kukauka. Alipiga kinanda, akaimba nyimbo tatu, na sisi tukaimba naye kila mmoja kwa sauti anayoijua. Hatukupiga makofi mengi. Tuliogopa kumkera. Jumatatu teksi nyeupe ikaja kumchukua, na kabla ya Mwaka Mpya Mwalimu Kurata akapangiwa shule nyingine. Aliniachia aproni yake. Mwalimu mkuu akafunga mlango, akampa funguo mzee wa kijiji, basi.

Nyumba yangu iko kando ya barabara. Asubuhi nilitoka nje kufagia majani hata pale ambapo hapakuwa na majani, ili nimwone akipita. Wiki za kwanza alinipungia mkono mpaka teksi ikapotea. Baadaye alikuwa anapita amelala, kichwa kwenye kioo. Baadaye nikamwona anamsimulia dereva jambo, mikono hewani, hata hakugeuka. Nilifurahi. Niliporudi ndani nilikaa na chai yangu mpaka ikapoa, na mchana ulikuwa mrefu.

Alasiri moja, theluji ya kwanza ikinyesha nyepesi, teksi ilisimama mlangoni kwangu. Mizuho akashuka na mkoba wake, uso umevimba kwa kulia.

"Nimegombana na Ririka," akasema kabla hata ya kuvua viatu.

"Kwa nini?"

"Alisema atakaa nami wakati wa kula, akaenda kukaa na Nagisa. Nikamwambia ni mwongo. Akasema nisimzungumzishe tena." Akajifuta pua kwa kiganja. "Leo sikuzungumza na mtu yeyote. Wote walikuwepo, Bibi Fusae, darasa limejaa, na mimi nimekaa tu."

Nikamkaribisha mezani, nikamkatia tunda la kaki lililokaushwa, nikamtilia chai. Nje milima ilikuwa inafutika.

"Ni vibaya kuliko huku?" nikamwuliza.

Alifikiri sana. Alikula tunda lote, akalamba vidole.

"Ni vibaya zaidi," akasema. "Lakini kesho nataka kwenda mapema. Labda atakuwa getini."

"Na asipokuwepo?"

"Nitamsubiri."

Akavaa viatu, akaniinamia kichwa, akapanda njia ya kwao akikimbia kabla giza halijaingia. Nilisimama mlangoni mpaka taa ya nyumba ya Sadayo ikawaka. Kisha nikaosha vikombe viwili, nikaviinamisha kwenye rafu vikauke.