Kifuko cha Maji cha Gatakaa

Skeni ilionyesha kwamba Gatakaa ana kifuko cha maji kwenye figo la kushoto. Gatakaa ni mchuma chai wa Kibugu, ana wajukuu sita, na hospitali aliijua kwa kuzaa tu. Aliogopa kisu hadi akaacha kulala. Mumewe, Muriithi, aliamua hata kabla ya kumwona daktari: kitobolewe, kiishe.

Daktari alikuwa binti kutoka mji wa Maua, jina lake Hamda. Aliwawekea picha mezani, akamgeukia yule bibi.

"Shosho, ukuta wake ni mwembamba, na ndani ni maji matupu. Si saratani. Ukubwa wake ni kama ndimu."

"Basi hiyo ndimu itolewe," Muriithi akasema.

"Maji tunaweza kuyavuta na sindano, mzee. Mara nyingi yanarudi, isipokuwa tuweke dawa ya kukausha. Ama tumlaze usingizi, tupite kwa matundu madogo tukate ule ukuta. Ama tukiache."

"Kukiacha nako ni matibabu?"

"Ndiyo, kama hakimsumbui."

"Kinamsumbua! Mgongo hauna amani."

Gatakaa aliinama akaitazama ile picha. Kisha akasema, "Kitendawili."

"Tega," daktari akacheka.

"Nina mpangaji. Hapiki, hagombani, na sikujua yupo hadi nikaonyeshwa picha yake."

"Ni hicho kifuko."

"Umetegua mara moja. Huyu mzee wangu angeshatoa mji."

Hamda akasogeza kiti. "Hebu nionyeshe, shosho. Inauma wapi?"

Gatakaa akaweka mkono kiunoni, upande wa kulia. Muriithi akatazama picha, akatazama mkono, akatazama picha tena.

"Na Jumapili, ukipumzika?" Hamda akauliza.

"Jumapili hakuna kitu. Nikibeba kikapu cha majani Jumatatu ndio inaanza."

"Basi sindano haitatibu huo mgongo. Ukipata homa, ama damu kwa mkojo, ama uchungu ubavu wa kushoto, njoo mbio. Bila hayo, tutapiga picha nyingine mwakani. Lakini mwenye kuamua ni wewe."

"Nimeamua. Kikae. Hakuna wa kunikata."

"Na kikapu je, Mama Koome, atakibeba nani?" Muriithi akamuuliza mkewe.

Wanawake wale wawili walimtazama yeye.

"Mimi nina goti," akasema.

"Pole, mzee. Lipi, la kulia ama la kushoto?" Hamda akauliza.

Muriithi akafikiria kwanza.