Simu ya Baba Mkwe

Skolastika alikuwa na ugonjwa usiotajwa mbele ya baba mkwe, na simu pekee ya kuutajia ilikuwa ya baba mkwe. Ukitaka kujua kwa nini mwanamke mzima, mwenye akili zake timamu, alimdanganya daktari aliyekuwa anamtibu bure, usiende mbali. Anzia hapo.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa utumbo mpana. Kwa miaka mingi kila mtu pale Inyonga aliupa jina lake: mara amiba, mara taifodi, mara kuna mtu kamtupia kitu. Hatimaye alipelekwa hospitali kubwa, mbali kabisa na Katavi, wakampima kwa kamera, na daktari kijana anayeitwa Method akamweleza bila kuzunguka. Utumbo una vidonda. Hautapona moja kwa moja, utatulizwa kwa vidonge, na utakuwa unalala na kuamka maisha yake yote. Ukiamka ni kuhara, maumivu na damu. Ukiamka ukaachwa hivyo hivyo, unaua.

Kwa kuwa Inyonga si jirani, kulikuwa na programu ya kuweka kwenye simu. Kila jioni mgonjwa anajaza hali yake, daktari anaisoma huko aliko, halafu anaongeza au kupunguza dawa, na vidonge vinakuja kwa basi. Asiyejaza anatolewa kwenye mpango.

"Mna simu kubwa?" Daktari Method aliuliza.

Skolastika alikuwa na kitochi, simu ndogo ya vitufe. Mumewe, Cletus, naye alikuwa na kitochi, tena kimefungwa mpira betri isidondoke. Lakini Cletus si mtu wa kukubali kushindwa mbele ya msomi.

"Nyumbani ipo," alisema. "Baba anayo."

Skolastika alimkanyaga mguu chini ya meza. Cletus akausogeza mguu wake pembeni, akaendelea kutabasamu.

Mzee Agustino, baba yake Cletus, aliinunua simu hiyo baada ya msimu mmoja mzuri wa tumbaku, na aliipenda kupita kiasi. Ilikaa barazani juu ya kigoda chake yenyewe, imetandikiwa kitambaa, imechomekwa kwenye waya wa sola. Majirani walikuja kuisikilizia taarifa ya habari, ingawa kila mmoja alikuwa na redio kwake. Alipoambiwa kwamba sasa itafanya kazi ya hospitali, alifurahi mno, wala hakuuliza kazi gani. Cletus ndiye aliyeiweka programu. Palipotokea swali kama maneno yasomwe kwa sauti, alibonyeza ndiyo, ili baba yake aone simu yake inavyojua Kiswahili. Kesho yake akafunga unga na sufuria kwenye baiskeli, akaenda porini kwenye kambi ya warina asali, ambako mtandao haufiki na mtu harudi mpaka ndoo zijae. Wanaume wana bahati ya kuondoka kwa wakati.

Kwao, mkwe na baba mkwe huheshimiana mpaka inachosha. Hampitii mbele, hampi kitu mkononi, hamwangalii usoni. Na juu ya yote, baba mkwe hapaswi kumwona mkwewe anakwenda chooni. Kujua anajua, kwani yeye mtoto? Ila asione. Sasa choo cha nyumba ile kilikuwa nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, na njia ya kwenda huko ilikatiza mbele ya baraza. Mwanamke mwenye tumbo la kawaida angesubiri mzee aende kwa mbuzi wake. Skolastika hakuwa na tumbo la kusubiri. Alijitengenezea njia yake ndani ya shamba la mahindi, akazunguka nyumba nzima ameinama, na mara nyingine alifika na mara nyingine hakufika.

Jioni ya kwanza, Mzee Agustino alikuwa amekaa barazani na jirani yake Evodi wakinywa chai.

"Habari za jioni, Skolastika," simu ikasema, kwa sauti ya dada wa mjini. "Unajisikiaje leo?"

Evodi alicheka kwa kustaajabu. Mzee naye alijitanua kwenye kiti, akageukia pembeni kumpisha mkwewe. Skolastika alikuja akapiga magoti kando ya kigoda, akainua simu mpaka pale waya ulipofika. Palikuwa na vitufe vitatu: kijani, njano na nyekundu. Siku hiyo utumbo ulikuwa umeamka. Daktari alimwambia aseme kweli, naye akasema kweli. Alibonyeza nyekundu.

"Pole, Skolastika. Leo umepata choo mara ngapi?"

Sauti ilikuwa kubwa, maana Mzee masikio yake yalianza kuchoka. Skolastika alibonyeza haraka ili amalize.

"Je, kulikuwa na damu kwenye choo?"

Evodi aliweka kikombe chini. "Mzee," alisema polepole, "hii simu yako ina mdomo."

Mzee Agustino aliinuka, akashuka barazani bila kuangalia upande wowote, akaenda kusimama kati ya mbuzi. Skolastika alitamani ardhi ipasuke immeze. Maswali yalikuwa mengi, na mwisho simu ikamwahidi kwamba kwa kuwa hali yake si nzuri, itamuuliza tena asubuhi. Haikusema uongo. Asubuhi Evodi alikuwepo, na wengine wawili waliokuja kuona kama ni kweli.

Alijaribu kuipunguza sauti. Siku hiyo hiyo chama cha msingi cha wakulima kilimpigia Mzee kuhusu tumbaku yake, asisikie, na nyumba nzima ikajua kuna mtu kaiziba simu mdomo. Hakurudia.

Jioni iliyofuata alibonyeza kijani.

"Hongera, Skolastika," ilisema simu. "Usiku mwema." Kisha ikanyamaza.

Ikanyamaza! Skolastika alikaa na utamu wa kimya kile mpaka akaona haya. Alijiambia ni leo tu, kesho atajaza ukweli, wageni wakipungua. Wageni hawakupungua. Kesho ikawa kijani, na kesho kutwa.

Mwanzoni alikuwepo mama mkwe, Kasilda, ambaye mambo ya kati ya mkwe na mzee yangeweza kupitia kwake. Lakini binti yao alijifungua huko Kasekese, Kasilda akaenda kumlea mzazi, akamchukua na mtoto wa Skolastika, Recho, ambaye hakuwa na umri wa kumsaidia mtu chochote. Nyumbani wakabaki watu wawili wasioruhusiwa kuambiana lolote la maana. Skolastika alipika, akaweka chakula barazani, akakohoa, akaondoka. Mzee alikula, akakohoa, akaondoka. Waliishi kwa kukoholeana.

Baada ya majuma ya kijani, simu ilisoma ujumbe wa Daktari Method mbele ya baraza zima: amefurahi sana, vidonge vipungue viwe nusu. Na kweli kifurushi kilichokuja na basi kilikuwa cha nusu.

Jumapili hiyo, watu walipotoka kanisani, Mzee Agustino aliwasimamisha uani. Hakuwa msemaji, lakini siku hiyo alisema. Alisema mkwe wake aliteswa na tumbo miaka yote, watu wakaongea waliyoongea, sasa amepona, na mashahidi ni daktari na simu hii hapa. Akaiinua juu. Akina mama walipiga vigelegele. Walimkumbatia Skolastika mmoja mmoja, wakamwambia amenenepa, naye amekonda mpaka kajifunga kanga mbili ili isionekane. Alitabasamu huku amebana, akihesabu moyoni umbali wa choo cha kanisa.

Basi akawa amefungwa pande zote. Akijaza kijani, dawa hazimtoshi. Akijaza nyekundu, simu itamwaga habari zake barazani, na mzee aliyesimama mbele ya Parokia nzima ataonekana mwongo. Asipojaza kabisa, anatolewa. Aliwahi kupiga hospitali kwa kitochi chake, amejificha ndani ya bani. Nesi aliyepokea alikuwa mpole tu, ana haraka.

"Dada, kwenye mfumo mbona uko kijani?"

"Ndiyo, lakini..."

"Kama hali imebadilika jaza nyekundu, daktari ataona. Sawa mama? Jaza nyekundu."

Sawa. Alisema sawa na simu ikakatika. Jioni alipiga magoti kando ya kigoda, kidole kikasimama juu ya nyekundu, Evodi akasogea kidogo mbele kwenye kiti chake, na kidole kikaenda kwenye kijani.

Kisha mahindi yakavunwa. Ile njia yake ya kuzunguka ikabaki mabua matupu, na mtu aliyekaa barazani angemwona tangu anatoka jikoni mpaka anafika. Skolastika aliacha kula mchana. Halafu akaacha kula asubuhi. Alikuwa anaamka alfajiri kabla mzee hajafungua mlango, anakwenda chooni akiwa ameshika lile bati la mlango lisilie, na lilikuwa linalia. Aliogopa kufa. Aliiogopa simu zaidi, na alipojigundua hivyo alijikasirikia mpaka machozi yakamtoka, maana ni upumbavu gani huu, kufa kwa sababu ya sauti ya dada wa mjini?

Siku ilipofika, ilifika jioni. Evodi alikuwa ameenda Mpanda. Mzee alikuwa kwa mbuzi, na Skolastika akapata nafasi ya kukatiza mbele ya baraza kwa miguu yake kama mtu huru. Aliingia chooni, akafunga komeo la waya. Kilichotoka kilikuwa damu, na haikutaka kuisha. Alipojaribu kusimama, miguu ilimkatalia. Aliteleza akakaa chini, mgongo ukutani, na macho yakaingia giza, yakarudi, yakaingia tena.

Alisikia Mzee akirudi. Alisikia kiti kikilia. Angeweza kupiga kelele. Utamwitaje baba mkwe ukiwa chooni?

"Habari za jioni, Skolastika. Unajisikiaje leo?"

Ikatulia. Ikauliza tena. Mzee akakohoa, kama anavyokohoa kila siku kumwita. Akakohoa tena kwa nguvu zaidi. Simu ikauliza tena. Halafu Skolastika akasikia hatua, taratibu, zikishuka barazani, zikienda jikoni, zikitoka jikoni. Zikasimama muda mrefu. Simu ilipouliza safari hii, ilikuwa karibu. Mzee alikuwa ameichomoa kwenye waya.

Hatua zikapita bani. Mwanamume yule hakuwahi kupita bani mkwewe akiwa upande huu, na sasa alikuwa nje ya bati, anapumua.

Hakusema neno. Hata pale hakuweza. Simu ndiyo iliyosema.

"Unajisikiaje leo?"

Neno moja lilitosha. Angesema kijani, mzee angeshukuru Mungu, angegeuka aende zake upesi, na heshima yao wote wawili ingebaki nzima.

"Nyekundu," alisema Skolastika.

Halafu kidole kikagonga kioo.

"Pole, Skolastika. Leo umepata choo mara ngapi?"

"Sijui. Niliacha kuhesabu."

"Hilo halipo hapa," sauti ya Mzee ilisema, na alikuwa anaiambia simu. "Kuna mara nyingi sana."

"Hilo."

"Je, kulikuwa na damu kwenye choo?"

"Ipo. Nyingi."

"Hali hii ilianza lini?"

"Mahindi yakiwa mabichi," Skolastika alisema, na hapo akaanza kulia waziwazi.

Kidole hakikugonga. Mzee Agustino alikuwa amesimama tu nje pale, na alipozungumza, aliisemesha simu tena, kwa sauti ya chini.

"Nilikuwa nalisikia hili bati," alisema. "Kila alfajiri nalisikia. Nikasema, kama mwenyewe anasema kijani, mimi nani nimbishie."

Alikuwa anajua. Skolastika alilipokea neno hilo kifuani na hasira zikampanda, hasira kubwa kuliko nguvu alizobaki nazo. Siku ile uani pa kanisa, simu juu, vigelegele, alikuwa anajua! Na Skolastika mwenyewe alikuwa anajua. Wote wawili walilala nyumba moja wakisikilizana, kila mmoja akimstahi mwenzake mpaka huku chini kwenye sakafu ya choo.

Kidole kikagonga. Likaja swali ambalo hakuwahi kulisikia, kwa kuwa hakuwahi kufika huko.

"Hali yako ni ya hatari. Je, kuna mtu karibu nawe anayeweza kukusaidia sasa hivi?"

Swali hilo halikuwa la Skolastika kulijibu. Mwanamke wa kuitwa alikuwa mke wa Evodi, mwisho wa kijiji. Mzee angeweza kubonyeza hapana, amfuate, na kila mtu angesema alifanya inavyopasa.

"Je, kuna mtu karibu nawe?" simu ikarudia.

"Yupo," alisema Mzee Agustino, na mkono wake ukashika bati. "Mama Recho, fungua."

Skolastika alijivutia kanga mapajani, akanyoosha mkono, akalifungua komeo.