Jogoo wa Mama Mkwe

Jogoo alikohoa kabla mama mkwe hajamaliza kupiga hodi. Nilimsikia vizuri, kikohozi kidogo, kikavu, kutoka chini ya kwapa la mama mkwe. Moyo ukanilipuka paa!

"Karibu mama, shikamoo."

"Marahaba. Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Akanisogezea jogoo. "Zawadi yako. Wa mbegu huyo."

Ningefanyaje? Zawadi ya mama mkwe haikataliwi. Nikampokea kwa mikono miwili. Mwaka jana mdondo ulinimalizia kuku wote, nikawafukia hadi viganja vikatoka malengelenge. Hawa wa sasa nimewalea tangu vifaranga, nikiwawashia jiko la mkaa wasife kwa baridi, na chanjo yao ilikuwa bado. Muuza dawa za mifugo alisema imekwisha, nisubiri wiki ijayo. Ugonjwa ukiingia bandani kabla ya hapo, kwisha habari yangu.

Kwa hiyo sikumpeleka bandani. Nilimpeleka kwenye zizi la kondoo, upande wa pili wa uwanja, maana kondoo hawashikwi na mdondo, nikamfunga mguu kwa kamba kwenye nguzo. Kondoo dume akamnusa, akapiga chafya, akaenda zake. Kisha nikanawa kwa sabuni hadi viwikoni.

Mama mkwe alikuwa ananitazama. "Kwani nimekupa mavi?"

"Hapana mama. Anakohoa, nataka akae kando kidogo."

"Mafua ya njiani hayo. Jogoo wangu alale na kondoo, na wenzake wako pale? Makubwa!"

Nikamgeukia mume wangu aniokoe. Mtaani wanamwita Sawasawa, kwa sababu hajawahi kumkatalia mtu neno. Akajikuna kichwa. "Mama kasema ni mafua."

"Na mimi nimesema ni mdondo."

"Sawa," akasema. "Sawa pia."

Lo! Heri ningeolewa na yule kondoo dume, maana yeye akikataa amekataa.

Alasiri nikaenda kuwapelekea kondoo majani. Nguzo ipo, kamba ipo, jogoo hayupo. Nikatupa majani nikatimua mbio, kandambili moja ikabaki nyuma.

Mama mkwe alikuwa mbele ya banda la kuku. Jogoo mkono wa kushoto, mkono wa kulia kwenye komeo. Ndani kuku wangu walijazana mlangoni, wakidhani wameletewa pumba.

"Mama, usifungue."

"Nimekuja kwa mwanangu, sikuja kwa askari jela."

Komeo likalia. Nikatoa sauti ambayo sikujua ninayo: "Ukifungua hilo banda, mimi na wewe basi! Basi kabisa!"

Mume wangu akatoka ndani mbio. Mkwe hapigiwi kelele, najua, nilifundwa. Lakini nisingefuta hata neno moja.

Mama mkwe alikuwa anamwangalia jogoo. Shingo ilikuwa inapinda taratibu, hadi kichwa kikageuka juu chini, kama mtu anayechungulia uvunguni.

"Ndivyo walivyoanza," akasema mama mkwe.

"Akina nani, mama?"

"Wa kwangu. Wamekwisha wote, hata aliyekuwa anaatamia. Huyu ndiye aliyebaki. Nikasema nikimtia kwa wenzake wazima, labda naye atapata nguvu."

Alijua! Alijua, na bado akamleta! Nikamwendea, sijui nilitaka kumfanya nini. Akaachia komeo, akarudi nyuma.

"Usinisogelee!" akasema. "Nguo hizi zimewabeba wote." Akamgeukia mwanawe. "Lete kisu na kuni."

Sawasawa akachagua siku hiyo kukataa. "Hapana mama, twende kwanza ndani upumzike."

"Mama kasema kisu," nikamwambia.

Mama mkwe alimchinja mwenyewe nyuma ya zizi, akamchoma pamoja na mtandio wake hadi vikawa majivu. Mimi nilisugua komeo kwa maji ya moto na sabuni. Nikamwekea ndoo ya maji na gauni langu mbali kidogo, kama alivyotaka. Nyumbani alikataa kuingia, maana njia inapita karibu na banda. Akalala kwenye kibanda cha nyasi za kondoo, mume wangu akampelekea godoro.

Kila asubuhi alipaza sauti kutoka zizini: "Wameamkaje?"

"Wazima, mama!"

"Haya. Mwenyeji apone."

Siku ya chanjo nilikuwa ndani ya banda tangu mapema, nawashika kuku, muuza dawa anawatia matone machoni, na kwa makelele yao sikusikia kitu kingine. Nilipotoka nikamwona mama mkwe kwenye lango la zizi, mguu mmoja nje, mmoja ndani, kondoo wamemzunguka. Alikuwa ameuliza wameamkaje hadi sauti imemkauka, na hakuthubutu kuvuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

Nikampigia mkwe wangu kelele kwa mara ya pili.

"Wazima, mama! Wazima wote! Njoo nyumbani!"