Mahudhurio ya Fainali

Hukumu ilisomwa Korogwe saa nne asubuhi. Saa tano na nusu Profesa Muhsin Mbwana alikuwa bado ameketi kwenye benchi la nje ya baraza la ardhi, faili mapajani, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe. Hakuna aliyekuwa na haja ya kumwita tena. Kesi ilikuwa imekwisha, kiwanja cha mpira cha Kwamgoha kilikuwa kimekwenda, na walioshinda walikuwa hotelini ng'ambo ya barabara wakiagiza supu.

Kiwanja chenyewe, tusidanganyane, hakikuwa cha kumwonyesha mgeni. Kipo ndani huko, upande wa Kang'ata, ekari tatu na nusu za udongo mwekundu, goli la juu la mabomba ya chuma na goli la chini la miti. Ardhi imeinama, kwa hiyo kila nahodha aliyeshinda kura alitaka kipindi cha pili ashambulie kwenda bondeni. Lakini kwa miaka kumi na tisa vijana wa vijiji sita walikutana pale kila Jumamosi, na wasichana kila Jumapili, na mzee huyu wa miaka sitini na saba hakuwa na kitu kingine duniani alichoweza kukinyooshea kidole akasema, hiki nilikifanya mimi.

"Shikamoo, Profesa."

Alikuwa Frank, wakili wa upande wa pili, joho limekunjwa mkononi. Miaka kumi na minne iliyopita Frank alikaa mstari wa mbele katika darasa lake.

"Marahaba, Frank."

"Nisamehe, Profesa. Ni kazi tu."

"Nikusamehe nini? Umenihoji vizuri. Hukuniuliza swali hata moja ambalo hukulijua jibu lake. Nani alikufundisha hivyo?"

Frank akainamisha kichwa. "Ni wewe, Profesa."

"Basi nenda ukanywe supu yako kabla haijapoa."

Aliyasema hayo kwa tabasamu, na tabasamu lenyewe lilimchosha uso. Moyoni alitaka kumrushia faili. Tena si Frank peke yake. Alitaka kumrushia kila mtu aliyewahi kumwita Profesa.

Alizaliwa Kwamgoha hiyohiyo, kitindamimba wa mkulima wa mahindi na mihogo. Baba yao alipofariki, dada yake Chausiku, aliyemzidi miaka minane na ambaye hakuwahi kukanyaga darasani, ndiye aliyelima na kuchoma mkaa ili yeye asome. Akasoma. Akasoma mpaka hakukuwa na cha kusoma, akaanza kusomesha: miaka thelathini na moja ya sheria ya ushahidi, chuo kikuu, Dar es Salaam. Wenzake wakajenga maghorofa. Yeye kila Ijumaa jioni alikuwa stendi na begi la mipira begani, akisubiri basi la Handeni. Mkewe aliwaambia majirani kwamba yeye hakuolewa na mwanamume, aliolewa na timu. Mume alipostaafu akarudi kijijini, mama wa watu akabaki Dar na wajukuu wake, na hakuna aliyemlaumu.

Shamba la kiwanja lilikuwa la Chausiku. Ndilo alilorithi kwa baba yao, karibu na shule, na mihogo yake ilikuwa inasifiwa. Siku zile vijana walichezea kwenye njia ya ng'ombe, wakikimbizana na mpira na ng'ombe pamoja. Muhsin akamwendea dada yake akamwomba. Chausiku akafikiri siku tatu, na siku ya nne akauliza swali moja tu.

"Mimi nikifa, na wewe ukifa, nani atawazuia watu wasilichukue?"

"Sheria, dada. Nitaandika karatasi ambayo hata waziri hataweza kuipangua."

Akaiandika, na ilikuwa karatasi nzuri. Shamba linakabidhiwa kijiji cha Kwamgoha kuwa uwanja wa michezo, na matumizi yake hayatabadilishwa isipokuwa kwa uamuzi wa mkutano mkuu wa kijiji. Kifungu hicho cha mwisho alikiongeza kwa makusudi, asije mwenyekiti mmoja mwenye tamaa akakiuza kiwanja peke yake. Alijisifu sana kwa kifungu kile. Chausiku akatia dole gumba, akang'oa mihogo yake, akahamia kulima mteremkoni kwenye mawe, ambako mpaka leo havuni cha maana.

Halafu kulikuwa na ugonjwa wa mahudhurio. Profesa hakuweza kuona watu watano pamoja asiwape karatasi wajiorodheshe. Mazoezi, mahudhurio. Mechi, mahudhurio. Kikao cha kununua sindano ya kujazia mpira upepo, mahudhurio. "Sheria haikuoni mpaka uwe umeandikwa mahali," aliwaambia, nao wakaandika. Karatasi alizichapisha kwa wingi Korogwe: juu neno MAHUDHURIO, chini yake nafasi ya tarehe, kisha namba, jina, sahihi. Basi. Mtu aliyefundisha ushahidi miaka thelathini na moja hakuona kwamba karatasi ile haikusema watu wamehudhuria nini.

Aliyeona ni Mustafa. Huyu alikuwa winga wa kushoto wa timu ya kwanza, mwenye mbio lakini mbinafsi wa pasi, na goti lilipoharibika Profesa akamfanya katibu wa timu. Akamfundisha kuandika muhtasari: kufungua, yatokanayo, hoja, azimio, kufunga. Alimsahihisha kwa kalamu nyekundu mpaka mwandiko ukanyooka. Muhtasari ule ndio uliompandisha Mustafa. Watu walimwona anajua kazi, wakamchagua mwenyekiti wa kijiji, na Profesa siku hiyo alifurahi kama amezaa.

Fainali ya kombe ilikuwa Agosti mwaka juzi, Kwamgoha na Ngombezi. Wale watoto wa makambi ya mkonge walikuja na lori zima, ngoma juu, wakiimba. Profesa mwenyewe aliandika tangazo, likabandikwa ofisi ya kijiji siku kumi kabla: Wanakijiji wote mnatakiwa kuhudhuria bila kukosa. Wakaja. Hata wagonjwa walikuja. Wakati wa mapumziko Mustafa akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, kuna mwekezaji anataka kutuletea maendeleo kwenye eneo letu hili. Tumkaribishe, tusimkaribishe?"

"Tumkaribisheee!"

Profesa alidhani ni habari ya jukwaa la watazamaji, kwa sababu jukwaa hilo alikuwa ameliomba kila mahali kwa miaka mitano. Akasimama, akapiga makofi kuliko wote.

Kando yake, kwenye kiti cha mgeni rasmi, alikaa Chausiku, akila karanga. Karatasi ikapita. Profesa akasaini namba moja, kama ada, kisha akamgeukia dada yake: "Na wewe uingie kwenye kumbukumbu leo." Chausiku akacheka, akasema mikono yake imejaa chumvi. Muhsin akatoa leso, akamfuta dole gumba, akalibonyeza kwenye pedi ya wino na kuliweka mwenyewe kwenye namba mbili. Kwamgoha wakashinda mbili kwa moja. Ilikuwa siku njema kuliko zote alizowahi kuziona, na hilo ndilo asiloweza kulisamehe.

Machi iliyofuata watu walikuja na kamba na vigingi, wakaanza kupima katikati ya kiwanja. Ingewekwa korona pale, ile mashine kubwa ya kuchakatia mkonge. Profesa alikwenda ofisini mbio, akidai nyaraka, na Mustafa akampa nakala kwa mikono miwili, kama mwanafunzi anayekabidhi daftari. Muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Kijiji, tarehe ileile ya fainali. Azimio: wananchi wameridhia eneo la uwanja apewe mwekezaji. Nyuma, kurasa nane za mahudhurio, majina mia mbili na arobaini, la kwanza likiwa Profesa M. Mbwana. Aliusoma wote akitafuta kosa la kulipigia mstari mwekundu. Hakuliona.

"Mustafa, hii ilikuwa fainali."

"Mkutano wa kawaida hawaji, Profesa. Nimeuitisha mara nne, wanakuja thelathini, akidi haitimii. Watu wa Kwamgoha wanakusanyika mahali pamoja tu, nikawauliza palepale, wakajibu. Na wewe ulikuwepo." Akatulia, kisha akasema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi: "Korona itaajiri vijana sitini. Mpira umeajiri nani?"

Profesa akaikunja nakala, akatoka nayo. Swali lile analo mpaka leo.

Akafungua kesi, kwa jina lake na la klabu. Dada yake alikuwa na magoti mabovu, hasafiri, na kila alipouliza habari za kesi aliambiwa inaendelea vizuri. Habari ya ile namba mbili hakuambiwa. Ndugu yake alijiambia kwamba atamweleza siku wakishinda, waicheke pamoja.

Siku ya kutoa ushahidi Frank alimpelekea karatasi kizimbani kwa heshima zote.

"Sahihi namba moja ni ya nani, Profesa?"

"Yangu."

"Tangazo lililowaita wanakijiji wote, bila kukosa, aliliandika nani?"

"Mimi."

"Mwenyekiti alipouliza wananchi kuhusu mwekezaji, ulipinga?"

"Sikupinga."

"Ulifanya nini?"

"Nilipiga makofi."

"Na hili dole namba mbili, mheshimiwa shahidi, ni la nani?"

Angeweza kusema hajui. Mtu mwingine angesema hajui, na usiku angelala. Yeye alifundisha wanafunzi zaidi ya elfu kwamba shahidi akishaapa hana ndugu. "Ni la dada yangu," akasema. "Ndiye aliyetoa shamba." Hukumu ikasomeka hivyohivyo, ukurasa wa tisa: hata mtoaji wa ardhi alihudhuria na kuridhia.

Alifika Kwamgoha alasiri, kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Chausiku alikuwa uani kwenye kigoda, sinia la mihogo mbele yake, anamenya. Hakusimama. Alimtazama mara moja akajua.

"Wametunyang'anya."

"Wametunyang'anya, dada."

"Wamesema nini?"

Angeweza kumweleza kwa maneno ya mahakamani, na dada yake asingeelewa. Lakini kichwa kilikuwa kimechoka kutengeneza maneno. "Wamesema mwenye shamba aliridhia."

"Mwenye shamba nani?"

"Wewe."

"Mimi niliridhia lini, Muhsin?"

"Siku ya fainali. Ile karatasi. Dole lako ni la pili, chini ya jina langu. Wameitumia kuwa karatasi ya mkutano."

Chausiku aliweka kisu chini. Akamtazama kuku aliyekuwa akidonoa maganda, na hakumfukuza.

"Siku ile ulinifuta kidole kwa leso," akasema.

"Ndiyo."

"Nilidhani ni orodha ya kugawiwa soda."

Profesa alitaka kulia, na kwa kuwa hakujua kulia mbele ya dada yake, akafanya anachokijua. Akafungua faili. Akamweleza kwamba kuna siku arobaini na tano za kukata rufaa, Tanga, na kwamba ameandika kiapo kwa niaba yake, ukurasa mmoja tu, wa kuomba ushahidi mpya upokelewe. Bila kiapo hicho rufaa haina miguu. Akatoa pedi ya wino, akaifungua, akaiweka kwenye ukingo wa sinia. Wakili wa kumshuhudia atakuja kesho, alisema, lakini tuone kwanza kama wino unashika.

"Kiapo kinasema nini?"

"Kinasema hukujua unachotilia dole."

Chausiku akaitazama pedi ile, kisha akauvuta mkono wa kulia akaufunika ndani ya khanga.

"Hapana, lumbu, ndugu yangu. Nilijua."

"Dada, hukujua. Hujui kusoma."

"Kusoma sijui. Ile ya kwanza, ya kutoa shamba, nilijua kilichoandikwa? Nilijua ni wewe unayesema weka, nikaweka. Na ya pili nilijua ni wewe. Sasa niende nikaape kwa Mungu kwamba sikujua?"

"Bila hivyo kiwanja kimekwenda."

"Kimekwenda," akasema Chausiku. "Na mihogo ilikwenda zamani."

Hakulisema kwa hasira. Angekuwa na hasira angalau kungekuwa na cha kujibu, cha kupinga, cha kukatia rufaa. Profesa alibaki amechutama mbele ya sinia, karatasi mkononi. Kutoka upande wa shule alisikia filimbi. Ilikuwa siku ya mazoezi, na vijana walikuwa hawajui bado. Baadaye mtu atamletea karatasi ya mahudhurio asaini namba moja.

Akakitazama kidole gumba chake mwenyewe. Dole ni dole. Wino ni wino. Nani huko Tanga angekwenda kulipima? Wakili wa kushuhudia ni mwanafunzi wake, angegonga muhuri bila kuuliza. Jambo zima ni la haki, lingekuwa ni kuandika tu kile kilichotokea kweli. Akalisogeza dole lile mpaka likagusa ukingo wa pedi, na hapo akasikia, waziwazi kabisa, kwamba anafikiri kwa sauti ya Mustafa. Akaona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe.

Akaifunga pedi. Akaukunja ule ukurasa mara nne, akautia mfukoni, akabaki amechutama palepale kwa sababu hakuwa na mahali pa kwenda. Muhogo uliomenywa nusu ulianza kukauka juani. Chausiku hakuutoa mkono ndani ya khanga mpaka ndugu yake alipoinuka na kuondoka.